Moto Uliochelewa

Muulize dereva yeyote wa zamani wa njia ya Kyela na Mbeya mahali gari lake lilipozoea kuchemsha, atakutajia bila kufikiri. Mmoja atasema ni pale Ushirika, kabla hujaiona Tukuyu. Mwingine atasema ni ukishaipita Kiwira, unapoitafuta Isongole, baridi inaingia dirishani huku mvuke unatoka chini ya boneti. Dawa wanayoitaja ni moja: simama, weka jiwe nyuma ya tairi, tuma kijana na dumu mtoni, subiri. Wanatofautiana kwenye swali la pili. Kwa nini lilichemsha?

“Mlima,” atasema wa kwanza. “Maji,” atasema wa pili. “Dereva,” atasema mwenye gari.

Naandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu historia ya usafiri wa magari katika wilaya za Rungwe na Kyela, na majibu hayo matatu yamejaa kwenye daftari langu kuliko kitu kingine chochote. Insha hii inahusu jibu la nne, ambalo nimelisikia mara chache, tena kutoka kwa wazee tu: moto ulichelewa.

Tuanze na mlima, maana kesi yake ni nzito. Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kyela haujapishana sana na ziwa. Tukuyu iko kwenye mita 1,600 hivi. Isongole, pembeni mwa Mlima Rungwe, ni zaidi ya mita 2,000. Yote hayo ni ndani ya safari isiyofika kilomita 100. Gari linaondoka kwenye joto la mashamba ya mpunga na kokoa, limejaa hadi juu, na kuanzia hapo ni kupanda tu.

Hewa nayo inabadilika njiani. Maji ya sufuriani yanayochemka kwenye nyuzi 98 kando ya ziwa yatachemka kwenye 95 hivi ukifika Tukuyu, na kwenye 93 ukifika Isongole. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kina springi: kinabana mvuke ili maji yavumilie joto zaidi kabla ya kuchemka. Springi ikilegea, rejeta inageuka sufuria. Wakati huohuo hewa inakuwa nyepesi. Tukuyu injini inavuta hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane ya ile iliyokuwa ikivuta Kyela, kwa hiyo nguvu inashuka palepale inapohitajika. Dereva anarudi gia ya pili. Gari linatambaa, upepo wa mbele unakwisha, feni inabaki peke yake.

Kwa ushahidi huo nani asingeihukumu barabara? Tatizo ni kwamba gari lilelile, kwa mzigo uleule, miaka michache nyuma lilikuwa likipanda bila kuchemsha. Mlima haujarefuka.

Gari lililonifundisha hili ni Land Rover 109 ya Series IIA, injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita 2,286. Nilikuta imeegeshwa nyuma ya gereji moja mjini Kyela, chini ya mwembe. Iliwahi kubeba mpunga, kokoa, wagonjwa na maharusi. Sasa mwenyewe alikuwa ameshaitangazia msiba. Ilikuwa imechemsha mara tatu ndani ya mwezi mmoja ikipanda Tukuyu. Fundi wa kwanza alibadilisha rejeta. Wa pili alibadilisha pampu ya maji na kuondoa themostati kabisa, jambo ambalo mafundi wengi wa nchi za joto hulifanya wakiamini kwamba kizibo kikitoka maji yatapita vizuri. Bado ilichemsha. Hukumu ikatoka: injini imekufa. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshakuja kuitazama, na chuma chakavu hakiulizwi kilifanya kazi gani, kinapimwa kwa kilo.

Mzee wa gereji, fundi aliyevuka miaka sabini, aliomba siku mbili. Niliomba nikae naye siku hizo mbili.

Kabla sijaeleza alichofanya, inabidi nieleze moto wenyewe, na namna ulivyofika huku.

Injini za kwanza kuonekana kwenye ziwa hili zilichemsha kwa makusudi. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiskoti walileta Ilala, meli ndogo ya mvuke, ikiwa vipandevipande vilivyobebwa na watu kuyakwepa maporomoko ya Mto Shire. Mwaka 1893 Wajerumani wakashusha majini Hermann von Wissmann. Kituo chao cha kwanza huku kaskazini, Langenburg, kilikuwa ufukweni. Baadaye walihamia kwenye baridi na kupaita Neu Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo. Katika meli ya mvuke, maji yasipochemka hakuna safari. Katika gari la petroli, yakichemka hakuna safari. Ndani ya umri wa mtu mmoja, kitu kilichokuwa kazi ya injini kiligeuka ugonjwa wake.

Injini ya petroli ina mapigo manne: inavuta, inabana, inalipua, inatema. Cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa uliobanwa. Lakini petroli hailipuki yote papo hapo. Inahitaji muda kidogo kuungua. Kwa hiyo cheche lazima iruke kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili nguvu kubwa ya moto imkute pistoni akiwa ndiyo kwanza anageuka kushuka. Hiyo ndiyo taimingi. Injini ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, krenki inakata nyuzi 12 katika kila elfu moja ya sekunde. Cheche ikichelewa nyuzi 6, imechelewa nusu ya elfu moja ya sekunde.

Nusu hiyo inatosha. Pistoni anakuwa ameshaanza kushuka na moto unamkimbiza. Valvu ya kutolea moshi inafunguka kabla moto haujamaliza kazi, na joto lililopaswa kusukuma gari linaishia kwenye kuta za silinda, kwenye valvu, kwenye bomba la moshi, na kutoka hapo kwenye maji. Dereva anaona gari limechoka, anakanyaga zaidi. Petroli nyingi zaidi inaungua kwa kuchelewa, na rejeta inapokea joto ambalo halikuwa fungu lake. Bomba la moshi la injini yenye ugonjwa huu, pale linapotokea kwenye hedi, linaweza kuonekana jekundu usiku. Cheche ikiwahi mno, nako kuna adhabu yake: injini inagonga kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo, na mwisho pistoni inatoboka.

Zamani uamuzi wa lini cheche iruke ulikuwa mkononi mwa dereva, kwa maana halisi ya neno mkono. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na vijiti viwili chini ya usukani: wa kulia wa petroli, wa kushoto wa cheche. Wakati wa kuwasha kwa hendeli, dereva aliichelewesha cheche, la sivyo injini ingerudi nyuma na kumvunja mkono. Ikishawaka, aliiwahisha. Kwenye mlima, injini ikianza kulemewa, aliirudisha kidogo kwa kusikiliza. Gari hilo halikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe, ya baridi yakashuka. Dereva aliyesahau kijiti cha kushoto kwenye kuchelewa alichemsha, hata kwenye tambarare.

Model T zilitumika sana na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza upande huu wa Afrika. Mei 1916 jeshi la Jenerali Edward Northey lilivuka mpaka wa Songwe kutoka kusini na kuitwaa Neu Langenburg. Vita vile, hata hivyo, vilibebwa na watu kuliko magari. Waingereza peke yao waliwachukua wapagazi wapatao milioni moja katika Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Napenda kuukumbuka ukweli huo kila ninapomsikia mtu akisema kwamba taimingi ni jambo la mafundi tu. Gari likifia kilimani, mzigo wake haupotei. Unahamia kichwani mwa mtu.

Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, kijiti cha cheche kilikuwa kimeshaondoka kwenye usukani wa magari ya kawaida. Kazi yake iliingizwa ndani ya distribyuta. Humo kuna vyuma viwili vidogo vyenye springi; injini ikienda kasi vinatanuka, vinasogeza kitovu, na cheche inawahi. Pembeni kuna kikopo chenye utando mwembamba kinachovutwa na upepo wa kabureta; dereva akiwa hajakanyaga sana, nacho kinaiwahisha cheche. Juu ya vyote kuna platini, vidomo viwili vya chuma vinavyofunguka na kufungana. Vinapofunguka, koili inatoa cheche. Nafasi kati yake kitabu kimeiandika: milimita 0.35 hadi 0.40.

Katika badiliko hilo dereva alipumzishwa na fundi akarithi. Dereva wa Model T alijua moto umechelewa kwa sababu mkono wake ndio uliouchelewesha. Dereva wa Land Rover aliona mshale wa joto ukipanda tu. Kilichotokea ndani ya distribyuta hakikuwa chake kukijua, na kwa hiyo alilaumu alichokiona: mvuke, maji, mlima.

Kila aina ya gari imeacha shaka yake katika vichwa vya watu. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mbio za Safari Rally akiendesha Peugeot 404, na gari hilo likawa na heshima kubwa Tanzania. Feni yake haikuzunguka muda wote. Ilijiunga kwa sumaku ya umeme maji yalipopata joto. Mpaka leo ukimpelekea mzee wa Peugeot gari lililochemsha, ataitazama feni kwanza. Mzee wa Land Rover ataitazama rejeta. Hakuna anayedanganya, kila mmoja anasoma historia ya gari alilokulia nalo.

Sasa turudi kwenye mwembe. Siku ya kwanza asubuhi fundi hakushika spana. Alimwita mwenye gari, wakasalimiana kwa Kinyakyusa, kisha akaanza kuuliza. Linachemsha likisimama au likitembea? Likitembea. Tambarare au mlima? Mlima. Muda gani tangu uanze kupanda? Nusu saa. Ukilisimamisha na kuliacha linaunguruma, linazidi au linapoa? Linapoa. Linavuta kama zamani? Hapo mwenye gari akasita. “Limezeeka, kaka. Siku hizi linapanda kwa gia ya pili pale tulipokuwa tunapanda na ya tatu.”

Fundi alinigeukia. “Umesikia, mjukuu? Huyo ameshaniambia.”

Aliambiwa, lakini hakukimbilia huko. Alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, akawasha, akaangalia kama mapovu yanapanda. Mapovu mfululizo maana yake gasketi ya hedi imeungua na moshi unaingia kwenye maji. Hayakuwapo. Alichomoa kijiti cha oili akaangalia kama imekuwa kama chai ya maziwa. Ilikuwa nyeusi, oili ya kawaida. Aliiacha injini ipate joto, akaizima, akanishika kiganja na kukipitisha polepole juu ya rejeta, kutoka juu kwenda chini. Rejeta iliyoziba kwa tope la mtoni huwa na mabaka ya ubaridi, pale maji yasipopita. Hii haikuwa na mabaka. Ilikuwa mpya, fedha ya watu ilikuwa imekaa pale. Alibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ulikuwa mzima. Alimtuma kijana dukani kununua themostati nyingine, akaitumbukiza kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, tukaitazama ikifunguka. Akairudisha mahali pake. “Gari lililotolewa hii ni kama mtu uliyemkata kope ili aone vizuri,” alisema.

Injini ikaachwa iungurume pale kivulini saa nzima. Haikuchemsha. Ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi wawili walitangulia kuhangaika: gari likiwa gereji lilikuwa zima, likiwa mlimani lilikuwa na homa.

Mchana alifungua kofia ya distribyuta. Platini zilikuwa karibu kugusana. Kisigino chake, kile kipande kidogo kinachosuguana na kitovu, kilikuwa kimekwisha. Huu ndio ujanja wa ugonjwa wenyewe. Kisigino kikilika, nafasi inapungua. Nafasi ikipungua, platini zinachelewa kufunguka. Zikichelewa, na cheche inachelewa. Hakuna siku ambayo gari linaharibika. Kila kilomita moto unachelewa kidogo, na dereva anazoea, mpaka siku moja anasema gari limezeeka.

Halafu akashika rota na kuizungusha kwa vidole. Ilipaswa kusogea kidogo na kurudi yenyewe kwa springi. Haikusogea. Aliondoa bamba, akanionyesha vile vyuma viwili. Vilikuwa vimeganda kwa kutu. Kyela ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, na gari linalolala nje huinywa mvua hiyo mwaka baada ya mwaka. Taimingi ilikuwa sawa injini ikiunguruma polepole, lakini injini ilipokwenda kasi na mzigo, cheche iliyotakiwa kuwahi ilibaki palepale. Mwisho akachomoa kibomba cha kile kikopo, akakiweka mdomoni na kuvuta. Utando ulikuwa mzima. “Angalau wewe hujanisaliti,” alikiambia.

Alisafisha kutu kwa mafuta ya taa na msasa, akapaka oili tone moja moja. Akaweka platini mpya na kupima nafasi. Kisha akaunganisha balbu ndogo kwa waya mbili, mmoja kwenye distribyuta na mwingine kwenye bodi, akazungusha injini taratibu kwa hendeli, na mimi kazi yangu ilikuwa kutazama alama kwenye puli na kupiga kelele balbu ikiwaka. Balbu inawaka pale platini zinapofunguka. Hapo ndipo cheche ingeruka. Kwa kuzungusha distribyuta kidogo kulia au kushoto, unaamua.

Alipofuta grisi shingoni mwa distribyuta ili aifunge, mikwaruzo mitatu ikatokea kwenye chuma, imepigwa kwa ncha ya patasi.

“Huu ni wa Kyela,” alisema akiweka ukucha kwenye wa kwanza. “Huu ni wa kupanda Mbeya. Niliipiga mimi mwenyewe, enzi za shida.”

Enzi za shida hazihitaji utambulisho kwa mtu wa umri wake. Bei ya mafuta ilipanda 1973. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikafuata. Fedha za kigeni zikakauka, na kuagiza magari na vipuri kukawa kazi ya mashirika ya umma yasiyokuwa na fedha hizo. Mwaka 1983 serikali ilianzisha msako wa wahujumu uchumi, na mwaka uliofuata ikaanza kuwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe walizonazo nje. Katikati ya hapo, mzee alikuwa akinoa platini zilezile kwa msasa mpaka zinaisha, na kisigino akikichonga kutoka kwenye kofia ya distribyuta iliyopasuka. Petroli nayo haikuwa moja. Akipata ya daraja la chini, injini iliyowekwa kwa kitabu iligonga. Distribyuta za magari haya zina kigurudumu kidogo chenye herufi A na R, cha kuwahisha na kuchelewesha kulingana na petroli. Cha gari hili kilikuwa kimeshakatika. Kwa hiyo akatumia patasi. Kwenye hewa nyepesi ya juu mchanganyiko huungua polepole zaidi, injini inavumilia cheche ya mapema zaidi, na inaitaka. Gari likilala Kyela, mkwaruzo wa kwanza. Likipelekwa Mbeya kwa wiki nzima, mkwaruzo wa pili.

“Na huu wa tatu?” niliuliza.

Aliuangalia kwa muda. “Huo siujui. Si mkono wangu.”

Kwa mwanafunzi wa historia, sentensi hiyo ni sawa na kufungua faili na kukuta pembeni mwa ukurasa maandishi ya mtu wa pili. Kuna fundi mwingine, mahali fulani, wakati fulani, aliyekutana na gari hili likiwa na shida ambayo mikwaruzo miwili ya kwanza haikuitatua. Pengine petroli ilikuwa imebadilika: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, na vitabu vya magari ya miaka ya sitini viliandikwa kwa mafuta ya wakati wake. Pengine cheni ya taimingi ilikuwa imelegea, maana katika injini hii distribyuta huzungushwa na kamshafti, na cheni ikilegea vyote viwili vinachelewa. Fundi yule alisikiliza, akaamua, akaacha alama. Hakuandika jina.

Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, amewaonyesha mafundi wa gereji za mitaani Tanzania kuwa watu waliotengeneza maarifa ya magari, si waliosubiri kuyapokea. Nakubaliana naye, na ningeongeza jambo dogo kutoka Kyela. Maarifa hayo mengi ni ya utambuzi kabla ya kuwa ya ufundi. Kubadilisha rejeta ni ufundi, na ulifanyika vizuri. Kujua kwamba mvuke unaotoka mbele chanzo chake ni kutu iliyofichika chini ya rota ni kazi nyingine: kuuliza linachemsha wapi na lini, kuondoa washukiwa mmoja mmoja, kutolihukumu lile linalotoa moshi kwa sababu tu linatoa moshi. Sisi tunaosomea historia tunafundishwa hilo kwa semina mbili na orodha ndefu ya vitabu. Mzee wa mwembe hufundisha kwa kiganja cha mwanafunzi juu ya rejeta.

Nilipowasilisha sura hii mbele ya jopo, swali la kwanza lilikuwa: nyaraka ziko wapi? Ni swali halali. Nilionyesha picha ya shingo ya distribyuta, na jedwali la maswali ya fundi kwa mpangilio wake, nikaeleza kwamba waraka unaweza kupigwa kwa patasi. Mjadala haukuisha siku ile na bado haujaisha. Lakini fikiria kama mnunuzi wa chuma chakavu angetangulia siku mbili. Mikwaruzo mitatu ingeyeyushwa pamoja na kilo nyingine zote, na kumbukumbu pekee ya gari lile ingekuwa risiti ya mzani.

Land Rover ilipakiwa magunia ya mpunga siku ya tatu. Fundi alikaa mbele na mwenye gari, mimi nyuma juu ya mzigo. Pale Ushirika mwenye gari alipunguza mwendo kwa mazoea, macho kwenye mshale, na fundi akamwambia kwa ukali aache kuutazama, asikilize. Tulipanda kwa gia ya tatu. Tukuyu mshale ulikuwa katikati. Malipo yalikuwa bei ya platini, themostati na chakula cha mchana, na mwenye gari alisema “ndaga fijo” mara mbili.

Vijana watatu wanaojifunza kwenye gereji ile hawajifunzi platini, na sioni sababu ya kuwalaumu. Magari yanayowalisha ni ya Kijapani ambayo cheche yake huamuliwa na kompyuta mara nyingi kwa kila sekunde, ikisoma hewa, joto na mgongo wa injini yenyewe. Kompyuta hiyo inajua Tukuyu kuna hewa nyepesi bila kupigiwa mkwaruzo. Kazi iliyotoka mkononi mwa dereva kwenda kwa fundi sasa imetoka kwa fundi pia. Hata hivyo gari la kompyuta nalo huchemsha, na nimemwona kijana mmoja akichomeka kifaa chake cha kusomea, akasoma namba kwenye kioo, akaanza mara moja kufungua kile ambacho namba ilikitaja.

Mzee alimzuia mkono. Akamwita mwenye gari, akamsalimia, akamuuliza: linachemsha likisimama, au likitembea?